Laptopu Haisomeki Mchana: Mwongozo Kamili wa Skrini ya Kung'aa na Skrini ya Mati kwa Mwanga wa Kigoma

"Nimebandika protekta ya mati (plastiki nyembamba ya kufunika skrini, isiyong'aa), mbona bado sioni kitu?" Lalamiko hili linarudi kila mara kutoka kwa wanaofanya kazi na laptopu penye mwanga mkali: barazani, dukani mlango ukiwa wazi, kwenye meza ya uwakala kando ya barabara katika eneo la Mwanga mjini Kigoma, au mwaloni Kibirizi wakati wa kupokea mzigo.

Kosa ni la mpangilio. Watu huanza kwa kununua protekta, ikishindwa ndipo wanaongeza mwanga wa skrini, na mahali walipokaa hawapagusi kabisa. Fuata utaratibu huu: kwanza dhibiti kile ambacho skrini yako inakitazama, pili fungua mwanga wote wa skrini, tatu ndipo uamue habari ya protekta. Kubadili paneli (kile kipande cha ndani kinachoonyesha picha) au laptopu yenyewe kuwe mwisho kabisa. Wengi wataishia Hatua ya 3 hapa chini, ile ya mwanga wa skrini, bila kutoa hata shilingi.

## Vifaa

Kwa hatua ya 1 hadi ya 3 unahitaji tochi ya simu, rula, na shati au fulana ya rangi iliyokolea: nyeusi, bluu ya giza au kahawia.

Kwa kubandika protekta:

- Protekta moja ya mati ya ukubwa sahihi. Ije ikiwa imenyooka au imeviringwa. Ukiagiza kutoka Dar es Salaam au Mwanza kwa basi, msisitizie muuzaji asiikunje, maana alama ya mkunjo haitoki.
- Vitambaa viwili vya maikrofaiba. Vya kufutia miwani vinafaa.
- Maji ya kunywa ya chupa, robo lita inatosha na kubaki. Maji ya kisima huacha madoa meupe yakikauka.
- Selotepu ya upana wa sentimita 2 hivi.
- Kadi ngumu ya plastiki iliyoisha muda, kama ya benki.
- Rula ya chuma na wembe mpya, iwapo protekta itahitaji kupunguzwa.
- Mto mdogo au vitabu vya kuegemeza mfuniko wa laptopu.

Kwa kofia ya boksi (hatua ya 6): boksi gumu, kitambaa cheusi kisichong'aa, gundi na tepu pana.

Dawa ya madirisha yenye amonia usiikaribishe kabisa, kwani hula tabaka jembamba lililopakwa juu ya skrini. Ushauri wa kusugua skrini kwa msasa au dawa ya meno ili "iwe ya mati" nao uupuuze. Utabaki na mikwaruzo, na haifutiki.

## Hatua ya 1: Tambua skrini uliyonayo

Zima laptopu kabisa ili skrini iwe nyeusi. Washa tochi ya simu, ishike usawa wa bega, kisha tazama taswira yake ndani ya skrini.

Ukiona taa yenye kingo kali, na kidole chako kinachoishika kinaonekana vizuri, hiyo ni skrini ya kung'aa. Ukiona wingu la mwanga lisilo na umbo, ni ya mati. Ukiona taa yenye kingo kali lakini imefifia na ina rangi ya zambarau au kijani, ni ya kung'aa iliyopakwa tabaka la kupunguza uakisi. Hii ya tatu ndiyo watu huisahau, na pengine haihitaji protekta hata kidogo.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba skrini hizi zinatofautiana kwa namna zinavyoshughulikia mwanga unaotoka nje. Kioo au plastiki isiyopakwa kitu hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaoipiga. Kwenye skrini ya kung'aa asilimia hiyo inarudi ikiwa imekusanyika, ndiyo maana unajiona mwenyewe. Kwenye skrini ya mati uso una vinundu vidogo sana vinavyoutawanya mwanga uleule. Taswira inavunjika, lakini mwanga haujatoweka, umesambaa tu juu ya sehemu kubwa zaidi kama ukungu. Tabaka la kupunguza uakisi ndilo pekee linalopunguza kweli kiasi kinachorudi.

Skrini nyingi za tachi zina kioo juu, kwa hiyo hung'aa. Zile za zamani zenye pengo la hewa kati ya kioo na paneli ni mbaya zaidi kwa sababu kila uso wa ndani nao unarudisha mwanga wake. Laptopu za ofisini zinazouzwa sana zikiwa zimetumika, kama Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad zisizo za tachi, mara nyingi ni za mati. MacBook nyingi ni za kung'aa zilizopakwa.

Umefanikiwa ukiweza kusema bila kusita skrini yako iko kundi gani kati ya hayo matatu.

## Hatua ya 2: Panga mahali na kile kilicho nyuma yako

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Usiipite haraka.

2.1. Zima skrini tena, kaa mahali pako pa kazi kama kawaida, na uitazame. Kila kinachong'aa unachokiona ndani yake ndicho kinachokuharibia kazi. Huenda ni dirisha, mlango ulio wazi, ukuta uliopakwa chokaa ng'ambo ya barabara, bati jipya la jirani, au shati lako mwenyewe. Viorodheshe, kisha viondoe kimoja kimoja kwa kugeuza meza au kubadilisha pembe ya mfuniko. Nyuzi chache tu za kuinamisha mfuniko zinaweza kuhamisha taswira ya mlango mzima ikatoka nje ya skrini.

2.2. Badilisha nguo. Wengi hawaamini mpaka waone hesabu. Kivulini nje wakati wa mchana kunaweza kuwa na luksi 10,000 (luksi hupima mwanga unaokipiga kitu). Shati jeupe mahali hapo linang'aa kwa niti zipatazo 2,500 (niti hupima mng'ao wa kitu au skrini). Skrini ya kung'aa ikirudisha asilimia 4 ya hizo, unapata niti 100 za shati lako juu ya maandishi. Laptopu nyingi za bei ya kawaida zina niti 220 hadi 250 kwa mwanga wote. Sehemu iliyotakiwa kuwa nyeusi sasa ina niti 100, na nyeupe ina 320, yaani nyeupe inaizidi nyeusi mara tatu tu. Vaa fulana nyeusi mahali palepale, na niti zinazorudi zinashuka hadi kama 6. Nyeupe inakuwa zaidi ya mara thelathini ya nyeusi. Laptopu ni ileile, jua ni lilelile.

2.3. Usikae ukitazama dirisha wala ukilipa mgongo. Likiwa nyuma yako linaingia kwenye skrini. Likiwa mbele yako, mboni za macho zinajibana kwa mwanga wa nje na skrini inaonekana hafifu hata kama haina mng'ao. Dirisha liwe ubavuni, na skrini iukate ukuta wa dirisha kwa pembe mraba.

2.4. Chagua dirisha kwa kulijua jua la Kigoma. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na iko magharibi kabisa mwa nchi ambayo yote inafuata saa zilezile. Kwa sababu hiyo jua hapa hufika juu kabisa kwenye saa saba mchana badala ya saa sita, na alasiri yenye mwanga mkali inaendelea hadi karibu saa kumi na mbili na nusu. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki huwa kusini. Hata hivyo huwa juu sana, kwa hiyo paa lenye upenu wa kutosha hulizuia lisiingie kwenye madirisha ya kaskazini na kusini. Madirisha ya mashariki na magharibi hayana kinga hiyo, kwani jua la asubuhi na la jioni hupita chini ya upenu.

Upande wa magharibi hapa una tatizo la pili, nalo ni ziwa. Tanganyika iko magharibi mwa mji, na kuanzia saa kumi jioni hivi jua likishuka, maji yanaanza kurudisha mwanga kutoka chini. Upenu hauuzuii mwanga huo, wala mwavuli. Ukiwa na baraza inayotazama ziwani, Bangwe au Kibirizi, kaa ukiwa umeelekea kaskazini au kusini asubuhi na mchana. Jioni hamia upande wa nyuma wa nyumba.

2.5. Angalia kilicho juu yako. Turubai jeupe au la rangi nyepesi hupitisha mwanga na lenyewe linawaka kama taa kubwa, kisha linaingia kwenye skrini iliyoinamishwa nyuma. Mwavuli wa rangi iliyokolea au kivuli cha mwembe ni bora. Ukishindwa kubadili turubai, funga kitambaa cheusi chini yake, sehemu ile ya juu ya kichwa chako na nyuma kidogo.

*Onyo:* jua la moja kwa moja juu ya skrini halina dawa kwa laptopu ya kawaida. Mwanga wake unafika luksi 100,000 hivi. Chini ya jua hilo skrini ya mati hugeuka kijivu yote, na hapo ya kung'aa inaweza hata kuishinda, mradi kinachoakisiwa ndani yake ni kitu cheusi. Tena laptopu nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35 za Selsiasi. Meza iliyopigwa na jua inapita hapo kirahisi, na mashine inaanza kupunguza kasi ili ijipoze.

Umefanikiwa ikiwa skrini iliyozimwa inakuonyesha giza au vitu hafifu tu pale unapokaa, na huoni umbo la mlango, dirisha wala la shati.

## Hatua ya 3: Fungua mwanga wote ulionao

Laptopu nyingi hazitoi mwanga wake wote hata ukisukuma alama ya mwanga hadi mwisho. Kuna vitu vinavyoupunguza kimyakimya ili kuokoa chaji.

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, ingia sehemu ya mfumo, kisha ya skrini. Pandisha mwanga hadi mwisho. Zima kipengele kinachobadilisha mwanga chenyewe kulingana na mazingira au kulingana na picha iliyopo. Zima mwanga wa usiku, ule unaoifanya skrini iwe ya manjano. Halafu nenda sehemu ya betri uzime chaguo linaloshusha mwanga kila hali ya kuokoa chaji inapowaka. Laptopu zenye programu ya grafiki ya Intel huwa na kipunguza mwanga kingine ndani ya programu hiyo, kwenye ukurasa wa umeme. Hicho hufanya kazi pale tu waya wa chaji unapochomolewa. Ikiwa skrini yako hufifia kila unapotoa chaja, anza kukitafuta huko.

Tumia mandhari meupe yenye maandishi meusi. Mandhari meusi hupendeza usiku, ila mchana uso mweusi ndio unaoonyesha taswira zote. Ongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125. Herufi kubwa husomeka hata pale tofauti ya nyeupe na nyeusi imepungua.

Gharama yake ni chaji. Tuseme betri yako ina watisaa 40 na laptopu inakula wati 8, inakaa saa 5. Mwanga ukiongeza wati 3, inakaa saa 3 na dakika 40 hivi. Kama umeme wa kwako ni wa kukatika, pandisha mwanga saa za jua kali tu.

Jambo dogo: vua miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi. Mwanga wa paneli hizi umepangwa mwelekeo mmoja, na lenzi hizo zinaweza kuuzuia wote. Skrini inaonekana nyeusi na mtu anadhani imeharibika.

Umefanikiwa ikiwa mwanga haubadiliki ukichomeka na ukichomoa chaja.

## Hatua ya 4: Amua kama protekta itakusaidia

Rudi kazini siku moja ukiwa umekamilisha hatua ya 2 na ya 3. Kama bado kuna shida, itazame ni ya namna gani.

Ukiona *maumbo* (uso wako, taa ya dari, fremu ya dirisha), protekta ya mati itakusaidia sana. Taa za ndani na madirisha ya mbali ndiyo kazi yake hasa.

Ukiona *weupe wa jumla*, maandishi yamepauka kila mahali na hakuna umbo lolote, protekta haitasaidia na inaweza kuzidisha. Skrini yako haina niti za kutosha kwa mahali hapo. Nenda hatua ya 6 au ya 7.

Ikiwa skrini tayari ni ya mati, usiongeze mati juu yake. Gundi haishiki vizuri kwenye uso wa vinundu, hewa hubaki katikati, na maandishi yanapoteza ukali mara mbili. Ikiwa ni ya kung'aa iliyopakwa, fikiri vizuri pia, kwa sababu protekta ya kawaida itafunika tabaka zuri kwa uso unaorudisha mwanga zaidi.

Kwa wa steshenari na wanaotengeneza kadi na mabango: mati hupunguza ukolevu wa rangi, na kwenye skrini yenye pikseli (nukta zinazounda picha) ndogo sana huleta chembe zinazometameta juu ya eneo jeupe. Kazi ya kuamua rangi ifanyie kivulini kwenye skrini isiyo na protekta.

## Hatua ya 5: Bandika protekta

5.1. Pima kabla ya kununua. Pima eneo linalowaka tu, bila fremu. Skrini pana za kawaida huwa hivi:

- Inchi 11.6: milimita 256 kwa 144
- Inchi 12.5: milimita 277 kwa 156
- Inchi 13.3: milimita 294 kwa 165
- Inchi 14: milimita 309 kwa 174
- Inchi 15.6: milimita 344 kwa 194

Usimwambie muuzaji "inchi 14" peke yake. Laptopu mpya nyingi za inchi 14 ni ndefu zaidi kwenda juu, kama milimita 302 kwa 189, na protekta ya umbo la zamani haitakaa. Mpe vipimo viwili kwa milimita.

Kama fremu imeinuka kuzunguka skrini, protekta iwe ndogo kuliko nafasi kwa nusu milimita hadi milimita moja kila upande. Ikigusa fremu, pembe zitanyanyuka ndani ya wiki moja. Kama kioo kimefunika hadi ukingoni, hakikisha protekta haipiti juu ya kamera, la sivyo picha ya mkutano wa video itakuwa na ukungu. Chagua plastiki nyembamba. Protekta ngumu ya kioo inaweza kugusana na kibodi mfuniko ukifungwa, na skrini ikapasuka.

5.2. Chagua saa na chumba. Vumbi ndilo adui wa kazi hii, na vumbi jekundu la kiangazi cha Juni hadi Septemba ni jepesi, linaelea muda mrefu. Fanya kazi alfajiri kabla upepo na magari havijaanza, au baada ya mvua kama ni masika. Piga deki kwa maji, funga madirisha, zima feni, na usubiri nusu saa vumbi litue. Usivae sweta wala kitu chenye manyoya. Funga nywele, osha mikono.

5.3. Zima laptopu, chomoa chaja, ifungue ilale kadiri bawaba inavyoruhusu. Egemeza mfuniko kwa mto au vitabu nyuma yake. Utakuwa unakandamiza, na nguvu hiyo isibebwe na bawaba.

5.4. Safisha. Lowesha *kitambaa* kidogo, usipulize maji kwenye skrini. Matone hutiririka hadi ukingo wa chini, na huko chini ya fremu ndiko ulipo ubao mwembamba wa saketi unaoendesha paneli. Tone moja likiingia linaweza kuacha mistari ya kudumu. Kwa sababu hiyohiyo, ile njia ya kubandika kwa maji ya sabuni inayotumika kwenye vioo vya magari haifai hapa. Futa kwa mistari kutoka juu kwenda chini, kisha kausha kwa kitambaa cha pili.

5.5. Winda vumbi kwa tochi. Ilaze tochi karibu na skrini mwanga upite ubavuni. Kila chembe itatoa kivuli kirefu. Ibandue kwa selotepu: gusa, nyanyua, usiburute. Endelea mpaka usione hata moja. Dakika kumi hapa zinakuokolea protekta nzima.

5.6. Tengeneza bawaba ya selotepu. Weka protekta juu ya skrini *bila kubandua kitu*, upande wa mati juu. Huna uhakika upi ni upi? Kwa kawaida kuna karatasi mbili za plastiki zenye alama 1 na 2, na ya 1 ndiyo inayofunika gundi. Sogeza hadi nafasi iwe sawa pande zote nne. Sasa funga ukingo wa juu kwa vipande vitatu vya selotepu, kimoja kila pembe na kimoja katikati. Protekta itafunguka na kufungika kama mlango, na kila ikirudi itaangukia palepale.

5.7. Bandika kutoka juu. Ifunue, piga tochi mara ya mwisho, bandua sentimita 5 tu za karatasi ya 1 upande wa juu. Laza sehemu hiyo. Funga kadi kwa kitambaa cha maikrofaiba, sukuma kutoka katikati kwenda kushoto, kisha kulia. Mkono mmoja uendelee kuvuta karatasi ya 1 kwa chini, sentimita 3 kwa 3, mwingine ufuate na kadi. Usivute yote kwa mara moja. Plastiki itajinyonga yenyewe kwa umeme wa msuguano na kuvuta vumbi la chumba kizima.

Nguvu iwe ya kufuta meza. Kandamizo zito huacha doa jeupe la kudumu kwenye paneli, tena huenda usilione mpaka uwashe.

5.8. Toa vumbi lililobaki. Kiputo chenye nukta nyeupe katikati kina chembe ndani na hakitaisha chenyewe. Bandika selotepu kwenye pembe iliyo karibu, nyanyua taratibu, ingiza kipande kingine cha selotepu ukiguse chembe, kisha rudisha na usukume. Viputo vidogo visivyo na nukta viache, huisha ndani ya siku moja au mbili.

5.9. Bandua karatasi ya 2 na selotepu, washa.

Umefanikiwa ikiwa taa ya dari ndani ya skrini imegeuka wingu, maandishi ya kawaida yanasomeka bila kukaza macho, na hakuna pembe iliyonyanyuka kesho yake.

Pembe ikinyanyuka, sababu ni moja kati ya mbili: protekta inagusa fremu, au kuna mafuta ya vidole ukingoni. Ya kwanza inatibiwa kwa kupunguza milimita moja kwa rula na wembe, *nje ya skrini*, karatasi ya kulinda gundi ikiwa imerudishwa. Ya pili, safisha ukingo na ubandike upya. Rangi za upinde wa mvua zikitokea eneo moja, hewa nyembamba imebaki hapo. Sukuma tena kuelekea ukingo wa karibu.

## Hatua ya 6: Kofia ya boksi kwa kazi za nje

Kwa anayeandika mizigo mwaloni au kuandikisha watu uwanjani, kofia ya boksi inashinda protekta yoyote, maana inauzuia mwanga kabla haujafika.

Kwa laptopu ya inchi 14 kata kipande cha juu chenye upana wa sentimita 34 na kina cha sentimita 25, na viwili vya pembeni, kila kimoja kimo cha sentimita 22 na kina cha sentimita 25. Unganisha kwa tepu upande wa nje ili kofia ikunjike. Ndani gundisha kitambaa cheusi kisichong'aa. Rangi nyeusi ya mafuta haifai kwa sababu inang'aa. Ishike kwenye mfuniko kwa vibanio vya nguo, usibane skrini yenyewe.

Acha matundu ya hewa wazi nyuma na pembeni, na usiweke laptopu juu ya kanga au mto. Feni ikianza kulia mfululizo, hamia kivulini.

Umefanikiwa ikiwa ndani ya kofia skrini iliyozimwa ni nyeusi kote isipokuwa uso wako, nao hafifu.

## Hatua ya 7: Paneli mpya au laptopu nyingine

Unaponunua, uliza niti kabla ya kuuliza mati. Niti 250 zinatosha ndani ya nyumba, 300 kwa duka lenye mlango wazi, 400 na zaidi kwa anayekaa barazani kila siku. Laptopu ya mati yenye niti 220 itakusumbua barazani. Yenye 400 iliyo ya kung'aa utaiweza kwa fulana nyeusi na mpangilio mzuri wa meza. Ukinunua iliyotumika, itoe nje ya duka, kivulini, pandisha mwanga, fungua ukurasa mweupe wenye maandishi, na usome. Muuzaji anayekataa usiitoe nje, mwache. Fahamu pia kuwa taa za nyuma ya paneli hufifia kwa miaka ya matumizi, kwa hiyo tarakimu iliyoandikwa ilipokuwa mpya haipo tena yote.

Kubadili paneli ya kung'aa kuwa ya mati kunawezekana kwenye laptopu nyingi zisizo za tachi. Namba ya kuagizia iko kwenye kibandiko nyuma ya paneli. Herufi za mwanzo ni za mtengenezaji: B ni AUO, N ikifuatwa na tarakimu ni Innolux, LP ni LG Display, NV au NT ni BOE. Tarakimu tatu zinazofuata ni ukubwa, mfano 140 ni inchi 14.0 na 156 ni inchi 15.6.

Fundi wako alinganishe vitu vinne kabla ya kulipia: idadi ya pini za waya (30 au 40), upande ambao soketi ipo, kama paneli ina masikio ya skrubu au haina, na idadi ya pikseli. Pini zikitofautiana haitawaka, na kulazimisha kunaweza kuunguza fyuzi kwenye ubao mkuu. Betri ikatwe kabla ya kugusa waya wa paneli. Kuzima tu hakutoshi, kwa sababu waya huo unaweza kuendelea kubeba umeme.

Fundi akishaunganisha, paneli iwashwe ikiwa imeegemezwa, kabla fremu haijabandikwa. Mfungue ukurasa mweupe wote, kisha mweusi wote, mtafute pikseli zilizokufa na mwanga unaovuja kwenye kingo. Fremu ikishagundishwa, kuirudisha kwa muuzaji huwa kazi nyingine kabisa.